Mwacheni mtoto aguse

Mama mmoja wa hapa mjini Kitui alimleta kwangu mwanawe wa kiume mwenye umri wa miaka minne. Alitaka dawa ya kumtuliza. "Daktari, huyu hatulii. Kila anachokiona lazima akishike. Juzi amefungua redio ya babake, jana amemwaga unga wote."

Nilimpima mtoto macho na masikio, nikamwuliza maswali mawili matatu. Hakuwa na ugonjwa wowote. Tulipokuwa tukizungumza alinyakua kifaa changu cha kusikilizia moyo, akakiweka kifuani mwake na kunyamaza kimya, akisikiliza. Mtoto asiyetulia alikuwa ametulia!

Mpendwa msomaji, wazazi wengi wa mijini wanakosea kama mama huyo. Neno ambalo mtoto hulisikia mara nyingi zaidi nyumbani ni "usiguse". Akiudhi hupewa simu, akaketi nayo kutwa nzima. Ilhali mtoto mdogo hujifunza kwa mikono yake kabla ya kujifunza kwa maneno. Uzito, joto, ulaini na umbali wa vitu hauwezi kuelezwa na kioo cha simu. Ni lazima ashike, avute, aangushe na ajaribu tena.

Ukweli huu ulibadilisha hata majumba ya makumbusho. Huko Boston, Marekani, kuna makumbusho ya watoto yaliyoanzishwa mwaka wa 1913. Mnamo 1962 yalipata mkurugenzi mpya, Michael Spock, mwana wa Dkt. Benjamin Spock, yule daktari wa watoto aliyesifika kwa kitabu chake cha malezi. Michael Spock aliwaruhusu watoto kushika vitu, kuvifungua na kuona kilichomo ndani. Mtindo huo ulienea katika nchi nyingi.

Sisi wa Kitui tutaanzia wapi? Nawashauri wazazi waanzie Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Ukiondoka alfajiri unarudi siku hiyo hiyo. Ni kweli kwamba vitu vingi huko viko nyuma ya vioo, na kwa sababu nzuri. Lakini mtoto atasimama chini ya sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyekufa mwaka wa 1974, na kupima kimo chake mwenyewe kando ya mguu wa mnyama huyo. Ataona pia vibuyu vya jamii mbalimbali za Kenya.

Mwelezeni pia habari za Kamoya Kimeu, mzaliwa wa Makueni, jirani zetu. Hakuwa na elimu ya chuo kikuu. Mnamo 1984, huko Nariokotome karibu na Ziwa Turkana, aliona kipande kidogo cha fuvu katikati ya mawe yaliyofanana nacho kwa rangi. Kutokana na kipande hicho yakapatikana mabaki ya mvulana aliyeishi miaka takriban milioni moja na nusu iliyopita. Kimeu alifariki mwaka wa 2022. Jicho na mikono yake viliifunza dunia nzima.

Jirani na makumbusho hayo kuna Hifadhi ya Nyoka, iliyofunguliwa mwaka wa 1961. Msiipite. Kwetu Kitui kuumwa na nyoka si hadithi, na mtoto anayetambua bafe au swila atajua mapema kitu asichopaswa kushika. Mfunzeni pia kwamba aliyeumwa hachanjwi wala hafungwi kamba. Hutulizwa na kukimbizwa hospitalini.

Mkienda, msitake kuona kila kitu. Mtoto mdogo huchoka baada ya saa moja hivi. Mbebeeni maji, mwosheni mikono kabla ya kula, na akisimama mbele ya kitu kimoja kwa muda mrefu, msimvute.

Lakini safari ya siku moja haitoshi. Serikali za kaunti za Kitui na Makueni zinaweza kutenga chumba kimoja tu chenye kinu na mchi, viondo, vibuyu, uta, mawe na mbegu, ambamo mtoto hakatazwi kushika. Gharama yake ni ndogo. Na kabla ya chumba hicho kupatikana, nyanya mwenye kibuyu na kiondo nyumbani anaweza kufanya kazi hiyo jioni ya leo.

Sisemi kwamba kila mtoto asiyetulia ni mzima. Asiyesikia vizuri, anayechelewa kusema au asiyelala, mleteni hospitalini. Lakini yule anayegusa kila kitu kwa sababu anataka kujua, hana dawa wala hahitaji kutibiwa.

Yule mama alirudi nyumbani bila dawa. Nilimwomba ampe mwanawe ile redio iliyoharibika, aifungue yote.