Hata Wimbo Mmoja Hatukupewa

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi nilalamikie jinsi sisi watu wa Garissa, Wajir na Mandera tunavyoonyeshwa kwenye majukwaa ya Nairobi, na pia kimya cha viongozi wetu wenye uwezo wa kubadilisha hali hiyo.

Likizo iliyopita niliwapeleka mama yangu, mke wangu na watoto kutazama mchezo mpya wa kuigiza wenye nyimbo. Ulikuwa umetangazwa redioni na kwenye simu hadi watoto wakakariri tangazo, kwamba ni hadithi ya Wakenya wote. Kutoka Garissa hadi Nairobi ni kama kilomita 370. Weka nauli, tiketi, chakula, na kushuka basini kila penye kizuizi kuonyesha vitambulisho, utaona kwamba mtu wa huku haendi kutazama mchezo kwa kupitisha wakati. Tulifikia kwa ndugu zetu mtaani Islii, na jioni ya pili tukaingia ukumbini.

Sifa wanazostahili nitawapa. Waimbaji walikuwa hodari, bendi ilipiga papo hapo, na wanangu waliduwaa kwa mataa. Mkulima aliimba kuhusu shamba lake. Mama mboga aliimba, makanga wa matatu akaimba, hata mwizi wa simu alipewa beti mbili za kujitetea. Kisha akaingia Msomali. Alikuwa mwenye duka, kibunda cha noti mkononi, akiita "wariya" katika kila sentensi, ngeli zote za Kiswahili zimevurugwa makusudi. Watu wakavunjika mbavu. Akatoka, akarudi baadaye achekwe tena. Hakuimba hata neno.

Mhariri, katika mchezo wa namna hii wimbo ndio unaomfungua mhusika. Kabla hajaimba tunamwona nguo na mwendo tu. Akiimba ndipo tunajua anampenda nani na anaogopa nini. Anayenyimwa wimbo amenyimwa utu wake, na binti yangu, ambaye huigiza shuleni kwao, aliliona hilo kabla yangu. Mama, ambaye Kiswahili chake ni cha sokoni, aliniinamia akaniuliza kwa Kisomali: "Huyu wamemwalika harusini halafu wakamkataza kucheza?"

Ana haki ya kuuliza. Amekua akisikiliza riwaayad, michezo ya Kisomali ambayo hujengwa kwa mashairi, na wahusika wake wakifika penye mapenzi au uchungu huimba. Nyimbo nyingi za zamani tunazozipenda zilizaliwa humo, zikatufikia kwa redio na kwa kaseti zilizovuka mpaka. Mwaka 1968 Hassan Sheikh Mumin alitunga Shabeelnaagood, mchezo kuhusu tapeli anayewahadaa wanawake kwa ndoa za uongo, na mwaka 1974 ulichapishwa London pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Mogadishu ilifungua Ukumbi wake wa Taifa mwaka 1967. Vita viliufunga miaka mingi, ukafunguliwa Machi 2012, ukalipuliwa Aprili mwaka huohuo, na bado ukakarabatiwa tena. Watu wenye urithi huo ndio mtunzi wa Nairobi aliwaona hawana cha kuimba. Islii haiko mbali na ukumbi tuliotazamia mchezo wake. Angekwenda kunywa chai huko mara moja tu na kusikiliza, angerudi na mhusika mwingine kabisa.

Hata hivyo, lawama zote nikiwatupia watunzi wa Nairobi nitakuwa nimewaonea. Mtu huandika anayoyajua, na sisi hatujamwonyesha chochote. Tangu 1963 hadi 1991 eneo letu lilikuwa chini ya sheria za hali ya hatari. Miaka hiyo, wenzetu walipokuwa wakiunda vikundi vya maigizo, sisi mkusanyiko wowote ulikuwa wa kutiliwa shaka. Hilo nalikubali kama sababu ya jana. Ya leo ni ipi? Kaunti zimekuwepo tangu 2013, na Jedwali la Nne la Katiba limezikabidhi shughuli za utamaduni na burudani ya umma. Nyumbani tuna ngoma ya dhaanto, tuna mashairi ya buraanbur ya akina mama, na wanafunzi wetu huingia kwenye tamasha za drama za shule. Wanafanyia mazoezi bwaloni, baada ya meza kusukumwa kando. Wakimaliza shule, kipaji hicho hakina pa kwenda. Anayetaka kuigiza akodishe ukumbi wa hoteli, na bei yake ni ya semina za mashirika.

Wapo watakaosema kwamba penye ukame na uhaba wa maji, jukwaa ni anasa. Nawakumbusha kwamba mwaka 1996 Huduma ya Maktaba za Kitaifa ilianza kuwapelekea wafugaji wa huku vitabu kwa ngamia. Shida ya maji ilikuwepo wakati huo pia, na hakuna aliyesema watoto wangoje mvua ndipo wasome. Wala siombi jumba la marumaru. Wakulima na wafanyakazi wa Kamiriithu, Limuru, walijijengea jukwaa la wazi mwaka 1977 wakaigiza Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii. Serikali iliupiga marufuku mchezo huo, na baadaye ikalibomoa jukwaa lenyewe. Mwaka 2022 mchezo uleule uliigizwa kwenye Ukumbi wa Kitaifa, Nairobi. Ulianzia kijijini, kwa watu waliojisemea wenyewe.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Watayarishaji wanaotangaza hadithi ya Wakenya wote wawe na mwandishi na mwigizaji kutoka kaskazini mashariki tangu siku ya kwanza ya kazi, kisha waulete mchezo huku tuuhukumu sisi wenyewe. Na kila kaunti kati ya zetu tatu itenge fedha za jukwaa moja la wazi lenye kivuli, umeme na vipaza sauti, likodishwe kwa bei ambayo kikundi cha vijana kinaweza kumudu.

Bajeti za kaunti hutakiwa kupitishwa kufikia 30 Juni, na sheria inataka wananchi wasikilizwe kwanza. Wazazi wenzangu, vikao hivyo huwa tunawaachia wanakandarasi. Safari hii twende na watoto wetu, na jukwaa liwe la kwanza kuulizwa.

Mzazi,
Bulla Iftin, Garissa