Python 2 ilifungwa tangu 2020: kungoja mashine ikatae ni hatari

Tarehe mosi mwezi wa kwanza 2020, watengenezaji wa Python waliacha rasmi toleo la 2 la lugha hiyo ya kuandikia programu za kompyuta. Mrithi wake, Python 3, alikuwa ametoka tangu mwezi wa kumi na mbili 2008. Ni kusema watu walipewa miaka kumi na moja ya kuhama. Mwisho ulipangwa kwanza kuwa 2015, kisha ukasogezwa miaka mitano, kwani kazi ilikuwa ingali nyingi.

Si uvivu tu. Mholanzi Guido van Rossum na wenzake walibadili lugha kwa namna ambayo programu nyingi za zamani hazikuweza tena kutembea. Chombo cha kugeuza maandishi kilikuwapo, kinaitwa 2to3, lakini hakikumaliza kazi. Na programu moja hutegemea nyingine zilizoandikwa na watu wengine: moja ikichelewa, zote zinangoja. Lawama hiyo kwa wenye lugha ni ya haki.

Lakini lawama haiondoi hatari, na hatari kubwa si ile inayoonekana. Mwanafunzi wa Bukavu ao Lubumbashi anayejifunza katika kitabu cha zamani, kilichopita kwa flashi toka mkono hadi mkono sababu intaneti ni bei, ataandika amri ya print bila mabano. Python 3 itakataa palepale. Kosa hilo ni la heri: linapiga kelele.

Kugawanya hakupigi kelele. Koperative ya kahawa igawe kilo 7 kwa wakulima 2: Python 2 inajibu 3, kwa sababu kati ya namba nzima inatupa kinachobaki. Python 3 inajibu 3.5. Hakuna onyo, hakuna alama nyekundu, na kilo moja nzima imepotea kwenye karatasi. Kinyume chake pia ni kweli: programu iliyozoea ile hesabu ya zamani, ikihamishwa bila kuangaliwa, italeta majibu mengine kimya kimya.

Kuna pia majina. Andika Kasaï: kila mtu anahesabu herufi 5. Python 2, kwa maandishi ya kawaida ya siku hizi, inahesabu 6, maana ile ï imewekwa katika vipande viwili. Katika inchi ambako orodha za wanafunzi na za wagonjwa zinaandikwa Kifaransa, na alama zake zote, hilo si jambo dogo. Python 3 ilitengenezwa kwa sehemu kubwa juu ya kumaliza fujo hiyo.

Toleo la mwisho kabisa la zamani, 2.7.18, lilitoka mwezi wa ine 2020. Tangu hapo watengenezaji wake hawazibi tena tundu lolote ambalo wezi wa intaneti wanaweza kupitia. Ofisi yenye orodha ya wateja katika programu ya namna hiyo inalala na kufuli ambayo fundi wake aliacha kazi.

Basi wanaofundisha waachane na Python 2 leo, si mwaka ujao. Na wenye programu za zamani wahame kwa kupima: wachukue hesabu za mwezi uliopita, wazipitishe katika programu zote mbili, walinganishe mstari kwa mstari, hasa pale penye kugawanya na penye majina. Ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna njia ya mkato.

Tena haiishi mara moja. Tangu 2019 toleo jipya la Python linatoka kila mwezi wa kumi, na kila moja linatunzwa miaka mitano hivi. Anayelipa feza leo ili atengenezewe programu, sherti aandike katika mkataba ni nani atakayeihamisha, na kwa bei gani.