Tabibu Naye Huugua

Ndugu msomaji, mwanao akivunjika mguu, twakuona wakimbia naye hospitali usiku ule ule. Lakini akikosa usingizi, akaacha kula, akajifungia chumbani akilia, wamwambia nini? Wamwambia, "Imani yako ni dhaifu." Au wamtafutia wa kumpunga pepo. Na akiwa anasomea udaktari ndiyo humsikilizi kabisa. Wasema, "Tabibu gani huyu anayeugua moyo?"

Hebu mfikirie kijana wa Keza, wilayani Ngara, huko Kagera panapopakana na Burundi na Rwanda. Shule ya msingi amesoma kwa Kiswahili. Amefaulu, akapanda basi, akapita Nyakanazi ya Biharamulo, akasafiri zaidi ya kilomita 1,000 mpaka Muhimbili, Dar es Salaam. Hapo yamngoja masomo ya miaka 5 kwa Kiingereza, kisha mwaka 1 wa mazoezi ya kazi. Atapasua maiti, ataona wagonjwa wakimfia mbele ya macho. Na kwao wameshamwita "Daktari" tangu siku aliyoondoka. Akifeli mtihani mmoja, amwambie nani?

Wala tusiseme hayo ni ya watu wa bara. Mwana wa Tanga au wa Unguja akipelekwa Bugando, Mwanza, hali yake ni hiyo hiyo.

Mwaka 2016 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilitoa uchunguzi uliokusanya habari za wanafunzi wa udaktari zaidi ya 120,000 katika nchi 43. Kiasi ya 27 katika kila 100 walikuwa na ugonjwa wa huzuni uitwao sonona, au dalili zake. Kiasi ya 11 katika 100 walikuwa na fikra za kujiua. Na katika wale walioonekana na sonona, waliotafuta tiba ni kiasi ya 16 tu katika 100. Wanafunzi wa tiba wenyewe hawatafuti tiba! Kwa nini? Aibu ni sababu kubwa, na aibu hiyo twawatia sisi majumbani.

Wewe usemaye kuwa huzuni ni upungufu wa imani, wasemaje juu ya Nabii Yaaqub, aliyemlilia Yusuf mpaka macho yakawa meupe? Utamwambia naye hana imani? Wazee wetu katika elimu hawakuwa na ujinga huu. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi, akaeleza kuwa nafsi huugua kama mwili, nayo ina tiba yake. Na hospitali ya Sultani Qalawun, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, ilikuwa na mahali pa wagonjwa wa akili.

Utasema, "Kujiua ni haramu." Kweli, ni haramu. Basi ni juu yako kuiziba njia iendayo huko, si kumsukuma mtoto kwa matusi na kejeli.

Leo ukimpigia simu, usianze na "Umepata ngapi?" Muulize walala, wala, una nani karibu? Akikwambia moyo wake mzito, mwombee dua, kisha mpeleke kwa daktari wa maradhi ya akili. Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tujitibu, wala hakuitoa nafsi katika amri hiyo.

Wabillahi tawfiq.