Adui wa Daraja si Lori

Wanafunzi wenzangu, kila nikivuka daraja la Mto Ngong hapa kwetu Donholm, lori likipita huhisi daraja linatetemeka chini ya miguu. Nilidhani siku moja lori litaliangusha. Kumbe sivyo!

Uzito wa malori, mhandisi huupigia hesabu mapema. Katikati ya nguzo mbili, daraja likilemewa, upande wa juu hubanwa na wa chini huvutwa. Zege huvumilia kubanwa, lakini likivutwa hupasuka. Ndiyo maana hutiwa vyuma.

Adui mkubwa ni maji. Mafuriko huchimba udongo chini ya nguzo, daraja likakosa pa kusimama. Mnamo Januari 1993, huko Ngai Ndethya, mafuriko yaling'oa daraja la reli ya Nairobi na Mombasa. Gari la moshi la abiria likatumbukia mtoni usiku, na watu zaidi ya 100 wakafa.

Sasa jiulizeni, sisi tunafanya nini? Tunatupa takataka mtoni! Mvua ikinyesha, taka huziba chini ya daraja, maji yakapanda na kulisukuma kwa ubavu. Nakiri kwamba hata mimi nimewahi kutupa mfuko pale. Sitarudia.

Kwa maoni yangu, kulaumu serikali peke yake hakutoshi. Naomba chama chetu kitenge Jumamosi moja kabla ya masika tukazoe taka kando ya mto. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta, jamani, ni rahisi kuliko daraja!