Nauli haina sikukuu

Safu ya Mama Kulwa

Tarehe 8 Agosti, Nane Nane, sikukuu ya wakulima, ipo kwenye kalenda tangu Januari. Mwenye Hiace anaijua, konda anaijua, na anayelipwa kusimamia nauli anaijua. Kwa hiyo nilichokiona Nane Nane hii stendi ya Bariadi sikubali kiitwe usumbufu wa siku moja. Ni wizi, tena wa mchana kweupe.

Mama mmoja wa makamo alikuwa ameketi nyuma ya dereva, furushi miguuni, anakwenda Malampaka kuwahi treni ya Tabora. Konda alipomfikia akataka elfu mbili juu ya nauli ya kila siku. Mama akauliza imepanda lini.

"Mayu, leo Nane Nane. Lipa au shuka, wenzako wanasubiri."

Akafungua fundo la khanga, akahesabu, akarudia kuhesabu. Nauli ya treni aliijua mpaka shilingi ya mwisho. Iliyomshinda ni ya kufika kituoni. Na treni ile haipiti kila siku. Ukiikosa, unatafuta pa kulala.

Nikasema. Wasomaji wa safu hii wanajua kwamba mimi na wapiga debe hatujawahi kuelewana. Nilimtaka konda anioneshe karatasi ya nauli iliyoidhinishwa na LATRA, wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu. Akanijibu mafuta yamepanda. Hapo damu ikanichemka! EWURA, wasimamizi wa nishati, hutangaza bei kikomo ya mafuta Jumatano ya kwanza ya mwezi, na tarehe 8 haiwezi kuwa Jumatano ya kwanza ya mwezi wowote. Mafuta ya asubuhi ile bei yake ilikuwa ya jana yake. Barabara ya Maswa ni lami ile ile. Kilichoongezeka ni watu tu.

Kijana mmoja akaniomba ninyamaze ili gari liondoke. Neno lake liliniuma kuliko jibu la konda. Mwishowe tulimchangia yule mama, akabaki kwenye kiti chake, nami sikuona fahari yoyote. Tulikuwa tumemchangia mwenye gari.

Sababu ninaijua. Mwezi Agosti wakulima wa mkoa wetu wa Simiyu wana fedha ya pamba mkononi, na wapo wanaoiona fedha ya mkulima kama mali iliyookotwa. Maonesho ya Nane Nane ya kitaifa yalipofanyika Nyakabindi, hapa Bariadi, kuanzia 2018 hadi 2020, wageni walijaa mji huu, na kwa macho yangu hapo ndipo wenye magari walipoonja utamu wa umati. Hawajaacha mpaka leo.

Wala tusiseme umati lazima upandishe nauli. Italia nako watu husongamana sikukuu. Lakini treni zao za mikoa, zile za kusimama mji kwa mji, nauli yake hufuata umbali. Anayetoka Firenze kwenda Pisa tarehe 2 Juni, Siku ya Jamhuri yao, hulipa kile kile alicholipa jana. Ratiba ya sikukuu huchapishwa mapema, na kila mtu anajua treni ipi itakuwepo na ipi haitakuwepo.

Sisi reli tunayo. Ilifika Mwanza mwaka 1928 ikipitia Malampaka, ndani ya mkoa huu huu. Sasa inajengwa reli ya kisasa, SGR, kutoka Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, jiwe la msingi likawekwa Juni 2021, nayo inapita Malampaka. Ninaitaka kwa moyo wote. Lakini kila anayeisifu mbele yangu anazungumzia mizigo na safari ya Dar es Salaam. Sijasikia anayemtaja mtu wa Malampaka anayetaka kwenda Shinyanga asubuhi kumwona mgonjwa na kurudi jioni, sikukuu au siku ya kazi, kwa nauli moja.

Basi watakaopanga ratiba hiyo waje Bariadi asubuhi ya Nane Nane ijayo. Waache magari ya ofisi nyumbani. Wapande Hiace hadi Malampaka, walipe wanachotajiwa, kisha ndipo wakae chini waandike saa za treni.