Rangi ya fedha ni mtaji, ila mnunuzi aambiwe ukweli

Mkulima wa Usangu anayeuza mpunga bila kukoboa humwachia mwingine faida. Sonara wa Mbeya au Iringa naye yuko hivyo hivyo. Akifua pete nyeupe ya fedha inayofanana na ya kiwandani, atashindana kwa bei tu, na kwa bei kiwanda kitamshinda.

Njia mojawapo ya kujitofautisha ni kuipa fedha rangi, na mtaji wake ni yai la kuchemsha. Pambo huoshwa kwa sabuni hadi mafuta ya mikono yaishe. Yai hupondwa likiwa bado la moto, kisha huwekwa pamoja na pambo ndani ya mkebe wenye mfuniko, bila kugusana. Hewa ya salfa inayotoka kwenye yai hujenga utando juu ya fedha. Utando ukiwa mwembamba huonekana wa manjano kama dhahabu; ukizidi kunenepa huwa mwekundu, zambarau, buluu, na mwisho mweusi. Fundi huchungulia mara kwa mara, na rangi anayoitaka ikifika hulitoa pambo na kulisuuza.

Wapo wanaotumia dawa za salfa za dukani. Hizo hufanya kazi haraka, lakini zitumike mahali penye hewa ya kutosha na zisichanganywe kamwe na asidi, kwani hutoa gesi inayoua.

Hapa ndipo penye hatari ya kibiashara. Rangi hizo hazidumu kama chuma. Jasho na msuguano huziondoa, na buluu huweza kugeuka nyeusi. Nta ya nyuki husaidia kuchelewesha tu. Kwa hiyo buluu na zambarau zifae hereni na vidani. Pete ipewe weusi kwenye michoro iliyochimbwa, ambako kidole hakisugui. Mnunuzi aambiwe hayo kabla hajalipa. Mteja mmoja aliyedanganywa huharibu soko la mafundi wote.

Neema Crafts ya Iringa, iliyoanza mwaka 2003, imethibitisha kuwa kazi ya mikono ya watu wenye ulemavu inaweza kuwavuta wageni kutoka mbali. Tunaishauri SIDO iwape masonara meza ya mafunzo haya katika maonyesho ya Nane Nane, uwanja wa John Mwakangale. Gharama yake haizidi trei chache za mayai.