Taa Kali na Kiwi cha Macho: Mwanga wa Magari katika Barabara za Mbulu na Hanang

Barabara itokayo Babati kwenda Singida hupita Katesh, chini ya Mlima Hanang wenye kimo cha zaidi ya mita 3,400. Kaskazini yake kuna nyanda za juu za Mbulu, na njia ziendazo Dongobesh, Haydom na vijiji vya jirani, ambazo nyingi ni za changarawe na udongo. Nje ya miji hakuna taa za barabarani. Likizama jua, lori la vitunguu, pikipiki ya abiria, mkokoteni wa punda, mchungaji aliyechelewa mnadani na mifugo yake, wote hutumia njia ile ile moja. Kabla hakujapambazuka huongezeka wanafunzi waendao shule kwa miguu, wengi wao wakiwa wamevaa masweta ya rangi nzito.

Katika hali kama hiyo si ajabu dereva kutamani mwanga zaidi. Gari lipelekalo mgonjwa hospitali ya Haydom usiku wa manane haliwezi kungoja asubuhi. Kwa sababu hiyo imekuwa desturi kuzitoa balbu za halojeni zilizokuja na gari na kutia nyingine zenye nguvu zaidi: ama balbu za wati 100 badala ya 60, ama balbu za LED zilizotengenezwa zichomekwe katika tundu la balbu ya zamani. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba badiliko hilo humpa dereva faida ndogo sana kuliko anavyodhani, na kwamba sehemu kubwa ya gharama yake hulipwa na mtu mwingine, yaani yule anayekuja mbele yake. Hoja hii haihitaji elimu ya juu. Mwanafunzi wa sekondari aliyesoma umeme na vioo anaweza kuikagua mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Kazi ya balbu na kazi ya kioo

Balbu ya halojeni ina uzi wa tangsteni ndani ya kichupa kidogo chenye gesi iliyochanganywa na iodini au bromini. Tangsteni ipandayo mvuke kutoka katika uzi huungana na halojeni hiyo, kisha hurudishwa kwenye uzi badala ya kuganda na kutia weusi katika kichupa. Hivyo uzi huweza kuwa moto zaidi na kutoa mwanga mweupe zaidi bila kuisha upesi. Elmer Fridrich na Emmett Wiley wa kampuni ya General Electric, Marekani, walipewa hataza ya taa ya namna hii mwaka 1959. Mwaka 1971 ikaja balbu ya aina ya H4, ambayo hadi leo imo katika magari mengi ya barabara zetu. Nayo ina nyuzi mbili: mmoja wa wati 60 kwa mwanga mrefu, ambao madereva huuita fuli, na mwingine wa wati 55 kwa mwanga mfupi, uitwao dimu.

Lakini balbu peke yake haiwezi kumulika njia. Nyuma yake kuna kioo mbonyeo, na kioo hicho ndicho kikusanyacho miale na kuielekeza. Uzi wa fuli umewekwa karibu na fokasi ya kioo, kwa hiyo miale hutoka ikiwa karibu sambamba na kwenda mbali. Uzi wa dimu umewekwa mbele kidogo ya fokasi. Miale yake ipigayo nusu ya juu ya kioo huinama kuelekea barabarani. Ile ambayo ingepiga nusu ya chini ingeinuka na kuingia machoni mwa watu, kwa hiyo imezuiwa na kikombe kidogo cha chuma kilicho chini ya uzi. Ukingo wa kikombe hicho umekatwa upande mmoja ili mwanga upande kidogo kando ya barabara, upande wa waenda kwa miguu. Magari yatokayo Japani, ambako nako huendeshwa kushoto, hupandisha mwanga kushoto kama inavyotakiwa kwetu. Gari lililotengenezwa kwa nchi ziendeshazo kulia, kama Rwanda, Burundi na Kongo, huupandisha kulia, yaani machoni mwa dereva anayekutana nalo hapa.

Yote haya hutegemea uzi kukaa mahali pake barabara. Tuchukue kioo chenye umbali wa fokasi wa milimita 25. Chanzo cha mwanga kikishuka kwa milimita 1 tu, miale huinuka kwa zaidi ya digrii 2. Balbu ya LED haina uzi mwembamba wa mviringo. Ina vipande bapa vilivyobandikwa kwenye kipande cha chuma, na mara nyingi haviwezi kutoa mwanga kutoka mahali pale pale na kwa umbo lile lile. Kioo kilichopigiwa hesabu kwa ajili ya uzi huusambaza mwanga huo ovyo. Dereva huona eneo jeupe karibu na gari lake na kuridhika. Asichokiona ni ule uliopanda juu. Sisemi kwamba LED ni mbaya. Taa kamili iliyobuniwa tangu mwanzo kwa LED, kioo na vyote, hufanya kazi vizuri. Kosa ni kutia chanzo kimoja katika kioo cha kingine.

Hesabu ya wati

Sasa tuitazame balbu ya wati 100. Wengi husema: wati 100 ni mara 1.67 ya wati 60, basi nitaona mara 1.67 ya umbali. Kauli hiyo ina makosa mawili.

La kwanza ni la umbali. Mwanga umwangukiao mtu hupungua kwa mraba wa umbali: akiwa mbali mara mbili, hupata robo. Kwa hiyo hata mwanga ungeongezeka mara 1.67 kamili, umbali wa kuona ungeongezeka kwa kipeuo cha pili cha 1.67, yaani mara 1.29 tu, na hapo hatujahesabu vumbi wala ukungu.

La pili ni la waya. Katika gari lililozeeka, swichi iliyoungua, viungio vyenye kutu na waya mwembamba huwa na ukinzani. Tuseme jenereta ya gari hutoa volti 13.8, na ukinzani wa njia ya taa moja ni omu 0.36. Balbu ya wati 60 kwa volti 12 ina ukinzani wa omu 2.4 ikiwa imewaka. Mkondo utakuwa 13.8 kugawa kwa 2.76, yaani ampea 5. Volti 1.8 zitapotelea njiani, na balbu itapata volti 12.

Tukitia balbu ya wati 100, yenye ukinzani wa omu 1.44, mkondo utapanda hadi ampea 7.7, volti 2.8 zitapotelea njiani, na balbu itapata volti 11 tu. Mwanga wa balbu ya halojeni hupungua upesi sana volteji ishukapo: kwa makadirio hufuata kipeo cha 3.4 cha volteji. Ukifanya hesabu utaona kwamba nyongeza ya mwanga si asilimia 67 bali kama asilimia 25, na umbali wa kuona umeongezeka kwa asilimia 12 hivi. Wakati huo huo joto linalozalishwa katika waya na viungio limepanda kutoka wati 9 hadi wati 21. Ndiyo maana swichi huyeyuka na waya hunuka.

Sasa tuiache balbu ya wati 60 mahali pake, na badala yake tutengeneze njia ya umeme: waya mnene kutoka kwenye betri, rilei, na kiungio safi cha ethi, mpaka ukinzani ushuke hadi omu 0.06. Balbu itapata volti 13.5 hivi, na mwanga wake utaongezeka kwa karibu asilimia 48. Yaani fundi aliyetengeneza waya amepata takriban mara mbili ya nyongeza aliyoipata yule aliyenunua balbu, bila kuunguza kitu na bila kuugusa mpangilio wa kioo. Tena hapo hatujasafisha kioo cha mbele kilichogeuka manjano kwa jua na kukwaruzwa na mchanga wa njia, ambacho nacho hula sehemu yake.

Na zile balbu zilizopakwa rangi ya buluu? Rangi ni chujio, na chujio huondoa. Katika ukungu wa nyanda za Mbulu hakuna rangi ipenyayo ajabu, kwa kuwa matone ya ukungu ni makubwa mno kuliko mawimbi ya mwanga na hutawanya rangi zote karibu sawasawa. Mwanga ukizidi na kuelekezwa juu, ukuta mweupe mbele ya dereva ndio uzidio. Dawa ya ukungu ni mwanga wa chini na mwendo wa taratibu.

Kiwi cha macho

Faida ni hiyo ndogo, hasara je? Jicho lililozoea giza likipigwa na mwanga mkali huingia kiwi, na hukaa sekunde kadhaa kabla halijarudi kuona vitu hafifu. Kwa mtu mzima muda huo ni mrefu kuliko kwa kijana. Dereva wa pikipiki aendaye kilometa 60 kwa saa husafiri mita 17 kila sekunde. Akiwa katika kiwi kwa sekunde 3 amekwenda mita 50 bila kuona. Katika mita hizo 50 anaweza kuwamo mwanafunzi, ng'ombe, au mkokoteni usio na taa. Aliyesababisha ajali hiyo atakuwa amekwisha kupita, na huenda asijue kamwe kwamba ilitokea.

Hapa ndipo suala linapoacha kuwa la gari la mtu na kuwa la jamii. Giza la barabarani ni mali ya wote watumiao njia. Anayelivunja kwa manufaa yake peke yake huwapokonya wengine macho. Na jirani akijibu kwa kununua taa kali zaidi, mashindano hayo hayana mshindi.

Mzigo na mwinamo

Hata balbu iliyo sahihi hutia kiwi ikiwa imeelekezwa vibaya. Dimu iliyopangwa vema huinama sentimita 1 kwa kila mita 1. Taa iliyo sentimita 70 kutoka ardhini humaliza mwanga wake mita 70 mbele. Sasa pikapu ipakie magunia ya ngano au vitunguu swaumu nyuma, na springi zishuke sentimita 5. Kama magurudumu ya mbele na ya nyuma yameachana mita 3, gari zima limeinua pua kwa karibu digrii 1. Dimu haiinami tena bali inapanda, na umbali wa mita 50 mwanga wake wafika kimo cha zaidi ya mita 1, penye macho ya dereva wa gari dogo. Sentimita 5 za springi zimetosha kuigeuza dimu kuwa fuli.

Mita 70 hizo zina maana nyingine pia. Katika lami, dereva aendaye kilometa 80 kwa saa huhitaji mita 33 hivi kabla hajagusa breki, na 41 nyingine ili asimame: jumla mita 74. Katika changarawe huhitaji takriban mita 95. Mtu mwenye nguo nyeusi huonekana akiwa karibu zaidi ya ukomo wa mwanga. Kwa hiyo aendaye 80 kwa dimu anakimbia kuliko macho yake, na hakuna balbu ya dukani itakayoliziba pengo hilo. Akishuka hadi 50 katika changarawe, mita 45 zamtosha. Kupunguza mwendo ndiko kulikompa kile alichotaka kununua.

La kufanya

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, Shirika la Viwango Tanzania na wakaguzi wa magari wazitazame balbu zinazouzwa katika maduka ya vipuri kwa jicho lile lile watazamalo breki na matairi. Balbu ya H4 izidiyo wati 60 na 55 isiuzwe kwa matumizi ya barabarani. Pili, mafundi wetu wafunzwe kupima volteji kwenye tundu la balbu, taa ikiwa imewaka, kabla ya kumshauri mteja anunue chochote.

Tatu, na hili lawahusu wasomaji wa jarida hili, shule zifanye jaribio la ukuta. Gari lisimamishwe mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, jioni. Wanafunzi wapige chaki ukutani kwa kimo cha taa, kisha wapige mstari mwingine sentimita 10 chini yake. Ukingo wa juu wa dimu, mbali na ule upande upandao kushoto, uangukie mstari wa chini. Halafu wanafunzi wanane waketi nyuma ya pikapu, na wenzao wapime mwanga umepanda kiasi gani. Darasani, kioo cha kunyolea na balbu ya tochi vyatosha kuonyesha fokasi: isogeze balbu milimita chache, uone mwanga unavyokimbia ukutani.

Shule chache zina maabara kamili, lakini gari la shule, la mwalimu au la mzazi halikosekani kijijini. Kijana wa Dongobesh au Katesh aliyelipima kwa mikono yake hatahitaji kuambiwa na askari apunguze taa akutanapo na mwenziwe. Atakuwa ameona ukutani mwanga uliozidi huishia wapi.